Laptopu inaganda kwenye meza moja tu, kwingine kote iko safi

#1 Pindo

Wakuu, salamu. Hii ni wiki ya tatu nahangaika na hili tatizo, nikaona kabla sijairusha laptopu dirishani nije kwanza kwa wajuzi.

Iko hivi. Nyumbani inapiga kazi siku nzima bila kulalamika. Maktaba, safi. Nikiwa abiria garini nimeipakata mapajani, safi. Nikifika kazini nikaiweka mezani kwangu, dakika kumi haziishi imeganda. Programu hazifunguki, faili halihifadhiki, dirisha linakuwa jeupe na juu panaandikwa kwamba programu haijibu. Mara sekunde tano, mara dakika nzima. Halafu inazinduka ghafla na kutekeleza kila nilichobofya kwa mpigo mmoja. Juzi ilinifungulia vikokotoo kumi na moja.

Nilichokwisha kufanya: nimesafisha virusi, nimepunguza programu zinazojiwasha zenyewe, nimepiga Windows upya mara mbili. Fundi wa kwanza alisema mazabodi inakufa. Wa pili alikaa nayo siku nne, akanirudishia akasema haina kitu. Na kweli, kwake haikuwa na kitu. Ndiyo shida yenyewe.

Sifa zake: Windows 10, RAM GB 8, diski ya kuzunguka GB 500. Kazi zangu ni ankara, hesabu na mafaili ya patani za nguo. Meza iko kwenye chumba cha kushonea cha shangazi yangu.

Naombeni msaada. Meza ina nini?

#2 Kiroboto

Ina jini. Hamisha meza, laptopu haina kosa.

(Nimekaa hapa mbele nasubiri wataalamu.)

#3 Waya_Mwekundu

Umesema chumba cha kushonea, mimi nikaacha kusoma hapohapo. Cherehani za umeme ni mota. Mota ikianza kuzunguka inavuta mkondo mkubwa kwa mpigo, volti zinashuka kidogo, ikizimwa zinapanda. Kama laptopu na cherehani ziko kwenye ekstensheni moja, chaja yako inakula makofi mchana kutwa. Tafuta stabilaiza, au uchomeke chaja kwenye soketi nyingine kabisa. Tatizo limeisha.

Ukitaka kuhakikisha kabla hujanunua chochote, fanya kazi kwa betri tupu, chaja iwe nje. Haitaganda.

#4 Nukta

Tusikimbilie kununua vitu. Dada Pindo, neno "mahali" linatudanganya kidogo. Ukihama kutoka nyumbani kwenda kazini hujabadilisha kitu kimoja, umebadilisha kama vinane kwa mkupuo: umeme, mtandao, joto la chumba, vilivyochomekwa kwenye laptopu, vilivyo karibu nayo, inapokaa, kazi unayofanya, hata saa za kuifanya. Kupiga Windows upya hakugusi hata kimoja kati ya hivyo, ndiyo maana hakukusaidia.

Naomba majibu ya haya:

Ikiganda, kishale cha mausi kinatembea au nacho kimesimama? Ukibonyeza Caps Lock, taa yake inawaka na kuzima? Task Manager, lile dirisha la Windows linaloonyesha nini kinatumia kompyuta, ukiiacha wazi kabla ya kuganda (ikishaganda hutaweza kuifungua), safu ya diski inasoma nini? Na kuna kitu gani kilibadilika pale kazini wiki tatu zilizopita?

Kingine, chukua karatasi, uandike saa na dakika kila inapoganda na kila inapozinduka. Usitegemee kumbukumbu. Andika.

#5 Pindo

Asante sana, Nukta. Kishale kinatembea vizuri tu, ila ninachobofya hakiitiki. Caps Lock inawaka na kuzima kawaida. Muziki nikiwa nimeufungua unaendelea kidogo halafu unakata.

Hakuna kilichobadilika. Meza ileile, chumba kilekile.

Task Manager nitaiacha wazi kesho.

#6 SautiYaRuta

Mimi yangu iliwahi kuganda sehemu moja tu, na kisa kilikuwa mtandao. Kazini tulikuwa na folda ya seva iliyopewa herufi Z kana kwamba ni diski ya kwenye kompyuta. Nikiwa kazini shwari. Nikifika nyumbani, kila nikifungua mafaili Windows inaanza kuitafuta Z, haiioni, inasubiri weee hadi ichoke. Nilibadilisha RAM bure. Dawa ilikuwa kukata ile Z, basi.

Kwako huenda ni kinyume chake: hapo kazini kuna printa ya mtandao au folda inayokwamisha. Au ukishika tu waifai ya kazini, nakala za mafaili zinaanza kupanda mtandaoni na apdeti kushuka, diski inazidiwa. Zima waifai kabisa, weka hali ya ndegeni, ufanye kazi saa moja.

#7 Pindo

Nimerudi na ripoti. Leo asubuhi nimeweka hali ya ndegeni, hakuna waifai, hakuna bluetooth, hakuna printa. Imeganda saa 3:14. Kwa hiyo SautiYaRuta, pole, siyo mtandao.

Task Manager: diski inasoma 100%, lakini kasi ya kusoma na kuandika ni KB 0 kwa sekunde. Sifuri kabisa. Hii imenichanganya. Diski iko bize asilimia mia, inafanya nini kama haifanyi chochote?

#8 Nukta

Hapo umetupa dhahabu. Kishale kinatembea na Caps Lock inaitika, kwa hiyo kichwa cha mashine kiko hai, mazabodi haijafa. Diski 100% na kasi sifuri maana yake Windows imeomba kitu kwenye diski na inasubiri jibu. Programu zote zinazohitaji diski zimepanga foleni. Foleni ikifunguka, vikokotoo kumi na moja vinatoka pamoja.

Swali sasa si kwa nini laptopu inaganda. Ni kwa nini diski hainyanyui simu ikiwa kwenye meza hiyo.

#9 Waya_Mwekundu

Umeme. Diski inakosa nguvu ya kutosha. Dada, betri umejaribu?

#10 Pindo

Nimejaribu leo mchana. Chaja nimeichomoa kabisa, betri 92%. Imeganda saa 7:05, ikazinduka 7:06, ikaganda tena 7:09.

Lakini Waya_Mwekundu, kuna jambo la umeme nataka kukuuliza. Chaja ikiwa imechomekwa pale kazini, nikipitisha kiganja juu ya bati la laptopu nasikia kama vijisindano vinatekenya. Nyumbani sisikii. Hii ni kawaida?

#11 Waya_Mwekundu

Sawa, kwenye kuganda naona nimekosea, betri imenisuta. Haiwezekani ekstensheni imtese mtu ambaye hajachomeka kitu.

Hilo la kutekenya ni soketi isiyo na ethi. Ndani ya chaja kuna kapasita ndogo zinazounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa laptopu ili kupunguza kelele za umeme. Ethi ikiwepo, mkondo mdogo unaopenya humo unashuka ardhini. Isipokuwepo, unakaa kwenye bati unasubiri kiganja chako. Ukipima kwa mita ya dijitali unaweza kusoma karibu nusu ya volti za ukutani, ila mkondo wenyewe ni mdogo sana. Unaweza kufanya kipanya cha kugusa kirukeruke, lakini haugandishi diski. Hata hivyo mwite fundi umeme aiangalie ethi ya jengo. Kwenye chumba chenye mota na pasi, hilo si la kuliacha.

#12 Mama_Vifungo

Nami nashona, kwa hiyo naomba niulize la kishoni. Pini zenu mnaweka kwenye kisahani chenye sumaku? Mimi nilikuwa nacho, nikakiweka kando ya kibodi, laptopu ikawa inazimika kila mara. Kumbe kwenye fremu kuna kihisi kinachonusa sumaku ya mfuniko ili kijue umeifunga. Kisahani kikikaribia, kinadhani umefunga, kinailaza.

#13 Pindo

Mama_Vifungo, kisahani ninacho na kweli hukaa upande wa kushoto wa laptopu! Nilisisimka, nikasema tumempata mwizi. Nimekisogeza taratibu kwenye kona ya kushoto, skrini ikazima pu. Nikakiondoa, ikawaka, ikaniomba nywila.

Ila siyo tatizo langu. Hiyo inazima kioo. Yangu haizimi, inatoa macho tu. Nimekipeleka kisahani upande wa pili wa meza, mbali na laptopu, na bado imeganda. Angalau nimejua kwa nini kuna siku ilikuwa inalala katikati ya ankara.

#14 Kiroboto

Meza ina majini mawili.

#15 Nukta

Haya, umeme nje, mtandao nje, sumaku nje. Joto silipi uzito, maana ingekuwa joto ungeona kila kitu kinakuwa kizito polepole na feni inapiga kelele. Isingekuwa diski kufika sifuri ghafla.

Kesho fanya hivi. Chukua kiti, ukiweke kando ya meza hiyohiyo lakini kisiiguse. Laptopu iweke juu ya kiti. Chaja ileile, soketi ileile, waifai ileile, kazi ileile, kisahani cha pini kikae mbali. Tofauti iwe moja tu, laptopu haipo juu ya meza. Dakika arobaini. Kisha irudishe mezani, dakika arobaini tena. Andika saa.

#16 Pindo

Wakuu. Wakuu wangu.

Kitini: saa 3:00 hadi 3:40. Haijaganda hata mara moja. Mgongo ndio umeganda.

Mezani: nimeirudisha saa 3:42. Imeganda 3:45, ikazinduka 3:46. Ikaganda 3:51 hadi 3:53. Ikaganda 4:02, ikaachia, ikaganda tena. Mpaka 4:20 nimehesabu mara tisa.

Sasa subirini. Nilikuwa naandika zile saa kwenye karatasi kila mara, shangazi akaniuliza naandika nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Mimi nilidhani unajua. Kila nikikanyaga, wewe unaguna."

Nikamwambia akanyage. Akachukua kipande cha kitambaa, akakipitisha kwenye overloki, ile cherehani ya kufunga kingo za kitambaa. Ikaganda. Akatoa mguu. Ndani ya sekunde tatu, nne hivi ikazinduka. Akakanyaga, ikaganda. Tumefanya mara sita, mara zote sita imekubali. Amesema angeniambia tangu wiki ya kwanza ila alidhani ninaguna kwa sababu ya kelele.

Na samahani Nukta, uliniuliza nini kimebadilika nikasema hakuna. Overloki ni mpya. Ya kiwandani, ile ya kasi. Iliingia wiki tatu zilizopita. Sikuihesabu kwa sababu siyo mali yangu wala siigusi. Stendi yake imefungwa kwa skrubu kwenye meza ya kukatia ili zisiachane, na meza ya kukatia ndiyo ninayokalia.

#17 Nukta

Mwambie shangazi yako anaweza kufungua ofisi.

Huo ni mtetemo. Kabla sijaeleza, nitafutie vitu viwili. Weka glasi ya maji mahali laptopu inapokaa, overloki ikianza uangalie uso wa maji. Halafu pakua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, utuandikie mistari ya 05, BF, C1 na C5.

#18 Pindo

Maji: yanachora miduara midogo kuanzia pembeni kuingia katikati, mingi, imebanana, kama mifereji ya sahani ya santuri. Akitoa mguu yanatulia. Lakini kilichonishangaza zaidi ni pini. Nilimwaga chache mezani bila kisahani: zinatembea. Zinajipanga na kuelekea ukingoni zenyewe kama siafu. Siku zote nilidhani mimi ndiye ninayezidondosha.

CrystalDiskInfo inasema afya ya diski ni nzuri. 05 ni sifuri tupu, C5 ni sifuri tupu. BF inasoma 000000001A2F, na C1 inasoma 00000003D0C4. Diski yangu ina herufi ndani, imeharibika?

#19 Nukta

Haijaharibika. Hiyo programu huonyesha namba kwa mfumo wa kumi na sita usipoibadilisha. 1A2F ni 6,703, na 3D0C4 ni 250,052.

Sasa soma polepole.

Diski yako ina sahani zinazozunguka. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mara 90 kwa sekunde. Kichwa cha kusomea hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa nanomita chache. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuliko nafasi hiyo maelfu ya mara. Laptopu ikianguka diski ikiwa inasoma, kichwa kinakwaruza sahani na data zinakwenda. Kwa hiyo watengenezaji wakaweka kihisi mwendo. IBM walianza nacho kwenye ThinkPad mwaka 2003, Apple wakafuata 2005, HP wanayo inayoitwa 3D DriveGuard. Kihisi kikiona mtikisiko wa kutilia shaka, kinaamuru vichwa vikaegeshwe pembeni mpaka kutulie. Vikiwa vimeegeshwa, diski haisomi wala haiandiki. Windows inasubiri. Ukitazama, asilimia mia na kasi sifuri.

Kuanguka ni tukio la nusu sekunde, linapita. Overloki haipiti. Za kiwandani hufika mishono 5,000 kwa dakika na zaidi, sawa na mapigo 83 hivi kwa sekunde, na kwako mapigo hayo yanapitia skrubu moja kwa moja mpaka chini ya laptopu. Kihisi kinadhani laptopu inaporomoka ngazi isiyo na mwisho. Shangazi akitoa mguu, kinasubiri sekunde kadhaa kijiridhishe, kinaachia.

05 ni hesabu ya sekta (vipande vidogo vya sahani) mbovu zilizokwisha kubadilishwa, C5 ni sekta zinazotiliwa shaka. BF ni hesabu ya mitikisiko, C1 ni mara ambazo vichwa vimeegeshwa na kurudi. Diski nyingi za laptopu hutajwa kuvumilia mara 300,000 hadi 600,000. Yako iko 250,052. Siyo yote ya overloki, maana diski huegesha vichwa pia kwa kubana umeme, lakini pima mwenyewe: soma C1, kaa mezani dakika arobaini, soma tena.

Na taa ya diski pembeni, ikiganda ina rangi gani?

#20 Waya_Mwekundu

Ngoja kwanza. Mtu amepiga Windows upya mara mbili. Hiyo programu ya kihisi si ingefutika?

#21 Nukta

Swali zuri. Inafutika, halafu ukiunganisha intaneti Windows Update inairudisha pamoja na draiva nyingine bila kukuuliza.

#22 Pindo

Taa ya kawaida ni nyeupe. Ikiganda inakuwa ya machungwa! Nimekuwa nikiiona wiki zote hizi nikijua ni ya betri.

C1: dakika arobaini mezani imepanda kwa 212. Dakika arobaini kitini imepanda kwa 3.

#23 Kiroboto

Namwomba jini radhi hadharani.

#24 Waya_Mwekundu

Nakubali kwa shingo upande. Lakini hata bila kihisi, mtetemo wa meza utaisumbua diski kweli? Si imefungwa ndani?

#25 SautiYaRuta

Unaisumbua. Hata sauti tupu inaisumbua. Kuna video maarufu ya mwishoni mwa 2008, Brendan Gregg akiwa Sun Microsystems anazipigia kelele diski kwenye kabati la seva, anafoka mbele yake kabisa, na kwenye grafu unaona muda wa kujibu unapanda papo hapo. Hakuzigusa.

Na Agosti 2022 Raymond Chen wa Microsoft alisimulia kisa cha miaka ya nyuma, wimbo mmoja ulikuwa unaangusha laptopu za aina fulani, hata laptopu ya jirani ambayo haikuwa ikiucheza. Mlio wake uligongana na mtetemo wa asili wa diski za 5,400. Likasajiliwa kama udhaifu wa kiusalama, CVE-2022-38392. Mtu anaangusha kompyuta kwa santuri.

#26 Nukta

Ndiyo, ila tusimchanganye dada. Visa hivyo ni vya diski yenyewe kuteseka. Kwake inaonekana diski haiteseki, inalindwa: 05 na C5 ni sifuri, na taa inabadilika rangi. Pindo, kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kuna matukio namba 129, 153 au 7 ya diski?

#27 Pindo

Nimetafuta, hakuna hata moja.

#28 Nukta

Basi inaendana. Diski inayougua ingeacha malalamiko pale. Hii imeambiwa isubiri, ikasubiri kwa adabu.

#29 Kobe_wa_Chuma

Mnazunguka mbuyu. Zima hiyo programu ya kihisi, maisha yaendelee. Mimi yangu nimeizima miaka, sijapata shida.

#30 Nukta

Wewe huna overloki ya kiwandani iliyofungwa skrubu kwenye meza yako. Ukizima ulinzi hapo, vichwa vitaelea juu ya sahani huku meza inatikisika mchana kutwa. Kuganda kutapungua, nakubali. Halafu siku moja utafungua ankara ukute sekta mbovu. Hilo la kuzima silipendekezi kwa yeyote mwenye diski ya kuzunguka pale.

#31 Kobe_wa_Chuma

Sawa mkuu, diski siyo yangu.

#32 Mama_Vifungo

Mwanangu, weka blanketi lililokunjwa chini ya laptopu, litameza mtikisiko.

#33 Waya_Mwekundu

Blanketi hapana, mama. Laptopu nyingi zinavuta hewa kwa chini, utaziba matundu, tutahama kutoka kuganda kwa diski kwenda kuganda kwa joto. Kata sifongo vipande vinne vidogo, kila mguu na chake, katikati hewa ipite. Halafu fungueni hizo skrubu. Overloki ya kiwandani ina stendi yake, haihitaji kushikana na meza ya mtu.

(Nimefurahi kuwa na manufaa hatimaye.)

#34 Pindo

Ripoti ya sifongo: vinne, vya godoro la zamani. Laptopu imekuwa inayumba nikichapa kama mtumbwi. Kuganda kumepungua, kutoka mara tisa kwa dakika arobaini hadi mara mbili. Siyo sifuri.

Ripoti ya skrubu: shangazi hakutaka kusikia. Anasema zikiachana kitambaa kirefu kinazama kwenye nafasi katikati na anashona mara mbili. Nilijaribu kujadiliana. Akakanyaga.

#35 Nukta

Basi weka SSD, diski isiyozunguka. Haina sahani wala kichwa, haina cha kuegesha. Nakili diski nzima kwenda SSD kwa programu ya kunakili, siyo lazima upige Windows mara ya tatu. Ila kazi ya kunakili ifanyie nyumbani, tafadhali. Ukimaliza, hiyo programu ya kihisi unaweza kuiondoa kwa amani.

Na kama utatunza diski ya zamani, iangalie C5 mara kwa mara. Ikiacha sifuri, hamisha vitu vyako siku hiyohiyo.

#36 Pindo

Siku kumi na mbili baadaye. SSD ya GB 500 iko ndani, nimenakili nyumbani usiku mmoja. Imekaa kwenye meza ileile, skrubu zilezile, overloki ileile. Jana shangazi ameshona mapazia kutwa nzima, haijaganda hata mara moja. Sifongo nimezirudisha godoroni. Inawaka kwa kasi ambayo kwa kweli ningeinunua SSD hata bila haya yote.

Nimebaki na pini tu, bado zinatembea. Sasa nazipa kisahani chao upande wa kulia.

Swali la mwisho. Ile diski ya zamani nimeitia kwenye kasha la nje niwe naweka nakala za ankara. Leo kunakili kumeanza vizuri, halafu kasi ikaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mwisho karibu isimame. Nyumbani haikufanya hivyo. Kebo inaweza kuwa mbovu?

#37 Nukta

Umeiweka wapi?

#38 Pindo

...

Nimeiondoa mezani.